Umuganda wa Vitufe

Mama mwenye nyumba wangu kule Biryogo, Kigali, aligombana na simu yake kila asubuhi, na sisi wapangaji tulisikia kila neno, maana simu nayo ilikuwa inamjibu. Alikuwa haoni. Presha ya macho ilimchukulia jicho moja, ikatulia, kisha ikarudi kuchukua la pili. Akanunua simu yenye programu ya kusoma kwa sauti chochote kilichoko kwenye kioo. Kinyarwanda programu ile haikukijua, kwa hiyo aliiweka Kiswahili, sauti ya mwanamke mwenye lafudhi ya Nairobi aliyesoma kila kitu kama karani anayewahi chakula cha mchana. "Huyu mwanamke iko na haraka ya kwenda wapi?" aliuliza. Halafu akaingia kwenye mipangilio akamwongezea kasi, ili amkomeshe.

Hajati, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, kwa kuwa alikwishakwenda Makka na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwita kitu kingine. Alikuwa na duka la vitenge mbele ya nyumba, jirani na mafundi cherehani, karibu na ile barabara iliyofungiwa magari ikapakwa rangi, ambako watu hunywa chai katikati ya njia. Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja Kigali kwa kazi ya kompyuta, nikapanga chumba kwake kwa sababu ya harufu ya pilau, na mpaka leo sijaona sababu bora zaidi ya kuchagua nyumba.

Zamani Hajati alikwenda ghalani mwenyewe. Alivishika vitambaa, akabishana, akatukana kidogo, akarudi na robota lake. Kisha ghala likahamia mbali, upande wa Busanza, na oda zikawa zinafanyika kwa picha kwenye kundi la simu. Mtu haoni, nanyi mnamtumia picha. Mwanawe mkubwa akajitolea kumchagulia. Alikuwa mtu mzuri, ana mke na watoto Kanombe, anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, na anampenda mama yake kupita kiasi. Ila macho yake, Mungu amsamehe. Aliagiza bluu iliyokolea, kijivu, halafu bluu iliyokolea tena. Baada ya muda duka la Hajati likafanana na stoo ya sare za walinzi, na wanawake waliokuwa wakiingia kupapasa na kuulizia bei wakawa wanasalimia tu na kupita.

Ndipo ushirika wa wauza vitambaa ukaamua oda zote zihamie kwenye tovuti mpya. Kila duka lingeandikisha namba moja ya simu, basi, na mwenye namba ndiye ambaye ghala lingemtambua kuwa mwenye duka. Mwana akaja Ijumaa baada ya swala, akakaa sebuleni, akasema kwa upole, "Mama, tuandikishe namba yangu. Wewe pumzika."

"Kupumzika iko kaburini," alijibu Hajati. "Sijafika."

Tovuti yenyewe, kwa bahati au kwa balaa, ilikuwa inatengenezwa na kampuni niliyofanyia kazi. Mimi nilikuwa mpimaji, yaani mtu anayelipwa ili avunje vitu vya wenzake kabla wateja hawajavivunja. Hajati alilijua hilo. Jioni ile aliniita jikoni, akanipa kahawa, akasema, "Mwanangu, hiyo kitu munatengeneza huko kwenu, mimi nitaweza kuitumia na mikono yangu? Kama hapana sema hapana, nimpe mtoto hiyo duka niache kujidanganya."

Nikamwambia ataweza. Nilisema kwa mdomo mpana, nikitafuna haluwa yake.

Sasa hebu niwaeleze ofisi yetu. Tulikuwa Kicukiro, ghorofani, vioo vitupu. Bosi wetu alikuwa Mnyarwanda aliyekulia ughaibuni akarudi na shahada, viatu vyeupe, na mapenzi makubwa ya mikutano ya kusimama. Madevelopa, yaani waandishi wa msimbo wa tovuti, walikuwa vijana wa hapahapa, wepesi kweli wa kazi. Mchoraji wa kurasa alikuwa binti wa Nairobi aliyeamini kuwa maneno yanachafua ukurasa. Angeweza angeandika hata jina lake kwa alama. Wote walijua neno ufikivu. Maana yake ni kutengeneza tovuti ili hata asiyeona, asiyesikia, au mwenye mkono unaotetemeka aitumie mwenyewe bila kumwita mtu. Walilijua kama watu wanavyojua kwamba maji mengi ni mazuri kwa figo. Kila nilipolitaja mkutanoni, bosi aliitikia kwa kichwa kwa heshima na kusema, "Nta kibazo, hakuna tatizo, hiyo tutaweka mwishoni."

Jamani, mwishoni. Ukijenga nyumba, mlango unauweka mwishoni? Unamaliza kuta, unapaka rangi, unatundika pazia, halafu unakumbuka kuwa watu wataingia?

Nilisema hivyo, tena kwa sauti isiyofaa ofisini. Bosi akafikiri. Siku chache baadaye akatuita tukasimama, akatangaza jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Alisema nchi hii ina desturi nzuri ya umuganda: Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanatoka na majembe na mafagio, wanasafisha mitaro, wanapanda miti, wanafanya mkutano, wanarudi nyumbani. Kule kwetu Tanga tungesema msaragambo. Basi nasi tutakuwa na umuganda wa ufikivu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi kila mtu aache kazi yake, tusafishe tovuti yote, mara moja, kwa umoja. Akaagiza na fulana.

Sikatai, siku yenyewe ilikuwa tamu. Maandazi yalikuwepo, chai ya maziwa ilikuwepo. Madevelopa walijituma kuliko siku zote. Kila kitufe kikapewa jina la kusomeka, kila picha ya kitenge ikaandikiwa maelezo, rangi hafifu zikakolezwa. Mwisho tukafanya kikao, kama umuganda wenyewe, tukapongezana, tukapigwa picha na fulana zetu. Nikarudi Biryogo na tovuti ya majaribio kwenye simu, nikamkabidhi Hajati mbele ya duka. Sauti ya Nairobi ikasoma: kitenge, zambarau, maua makubwa meupe. Kitenge, kijani, mistari. Weka kwenye oda. Akaweka. Kisha mkono ukaenda kifuani.

"Zambarau," alisema. "Mwaka mzima sijasikia mtu ananiambia zambarau."

Nilifurahi mpaka nikamwagia chai sahani yangu.

Wiki iliyofuata akataka kurudia ili mkono uzoee. Nikafungua. Sauti ikasema: kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe. Kitufe. Picha. Hajati akaendelea kutelezesha kidole, na yule mwanamke akaendelea: kitufe, kitufe, kitufe.

"Huyu anafanya nini?" aliuliza. "Anavuta tasbihi?"

Kilichotokea kilikuwa rahisi na cha kuudhi. Jumatatu baada ya umuganda mchoraji alibuni kadi mpya, nzuri kweli kwa anayeona, zenye alama ya kikapu badala ya neno oda na alama ya moyo badala ya neno hifadhi. Madevelopa wakazijenga siku hiyohiyo, upesi kama kawaida yao. Majina yote tuliyoyaandika kwa jasho na maandazi yakafutika. Nilipowauliza, yule kijana aliyezijenga akanitazama bila hatia yoyote. "Tutaandika tena kwenye umuganda," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa balaa letu. Bosi hakuwa amewapa siku ya kusafisha. Aliwapa ruhusa ya kuchafua siku zilizobaki. Na ni watu wa Kigali, wallahi, watu wasioweza kuona ganda la pipi barabarani bila kuliinamia. Lakini ukishakiita kitu umuganda, kinakuwa cha siku yake. Mwezi uliofuata tukasafisha tena, tukapiga picha tena, na Jumanne yake kitufe, kitufe, picha. Nguvu ya soda. Siku ya kufungua tovuti ikawa inakaribia, na kila Ijumaa mwana alikuja kutoka Kanombe, akaketi sebuleni, akatazama mama yake akihangaika na kidole.

Siku moja aliniongoza mpaka uani, tukasimama karibu na kamba ya nguo. "Dada," alisema, "mimi si mnyang'anyi. Unadhani nataka vitenge? Nataka mama asihangaike. Unampa matumaini, kesho kinaharibika, na anayekaa naye hapa Ijumaa jioni akinyamaza ni mimi, wewe unaingia chumbani kwako."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Hajati alikuwa amepunguza maneno. Kwa mtu kama yeye, kupunguza maneno ni ugonjwa. Asubuhi hazikuwa tena na ugomvi wa simu. Nilimkuta siku moja amekaa dukani kati ya bluu na kijivu zake, simu ameiweka kifudifudi juu ya meza. Akaniambia bila kugeuka, "Mwanangu, mwambie mtoto aandikishe namba yake. Nimechoka."

"Subiri mpaka Ijumaa," nilimwambia.

"Ijumaa iko nini?"

"Nitagombana na watu."

Akacheka kidogo. "Hiyo unaweza," alisema.

Nikaenda kazini nimewiva. Mkutano wa kusimama ulipoanza, mimi nilikaa. Bosi akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, naumwa na umuganda. Nikawauliza wale vijana mmoja mmoja: nyumbani kwenu nani anafagia ua? Wakajibu kwa mashaka, mama, dada, mimi mwenyewe. Lini? Kila asubuhi, wakasema, kana kwamba nimeuliza jua linachomoza lini. "Kwa hiyo hamna hata mmoja anayekula ndizi, akatupa maganda uani, akasema tutaokota Jumamosi ya mwisho wa mwezi?" Kijana mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba mama yake angemuua. "Umuganda ni wa mtaro wa mtaa," nikasema. "Ua ni wako. Ukurasa ulioutengeneza wewe ni ua wako, na umejaa maganda."

Waliona aibu kweli, na sikuwaonea huruma. Kumwambia Mnyarwanda kwamba ua wake mchafu ni jambo zito kuliko kumwambia kwamba msimbo wake mbovu.

Bosi akataka kunipoza. Akasema nina hoja, lakini tukifanya hivyo kila siku tutachelewa, na watumiaji wenyewe wa aina hiyo ni wachache, na kwa kweli tovuti siyo ngumu kiasi hicho. Mwenye macho haambiwi tazama, kwa hiyo sikumwambia atazame. Nilimpa simu, nikawasha ile sauti, nikazima kioo kikawa cheusi, nikamwambia, "Agiza kitenge kimoja tu. Ukifaulu, sitafungua mdomo wangu tena mwaka huu."

Ofisi nzima ilikusanyika. Hakuna aliyekuwa amewahi kuahidiwa kimya changu. Bosi akaanza kwa kujiamini, kidole kikiteleza. Kitufe. Kitufe. Akagonga. Picha. Akarudi nyuma. Kitufe. Akaanza kutoka jasho juu ya mdomo. Akagonga mara mbili kwa hasira, simu ikauliza jambo kwa haraka, akajibu ndiyo ili iache kumuuliza. Kisha yule mwanamke wa Nairobi akasema, kwa utulivu wote wa dunia, "Akaunti yako imefutwa. Asante."

Mchoraji ndiye aliyeanza kucheka, halafu akaacha, kwa sababu alitambua kuwa kile kitufe kisicho na jina alikichora yeye. Bosi akarudisha simu, akajifuta uso. "Kama ambavyo nimekuwa nikisema tangu mwanzo," alisema, "jambo hili lazima liingie kwenye kazi ya kila siku."

Sikubisha. Mtu akikukubalia kwa njia ya kujisifu, mwache ajisifu.

Kuanzia hapo mchoraji hakuruhusiwa kupeleka mchoro ambao hajaandika, pembeni ya kila alama, neno ambalo mtu atalisikia. Alinuna wiki nzima. Baadaye akawa mkali kuliko mimi, akiwarudishia vijana kazi kwa sababu maelezo ya picha yamesema tu "kitambaa kizuri." Nao vijana hawakusema tena "tayari" mpaka mwenye kazi awe ameipita mwenyewe na kioo cheusi, kwa masikio na kidole. Ofisi ikawa ya vichekesho: watu wazima wamefumba macho, wanatabasamu wakifika mwisho. Tukaweka na programu mlangoni, yaani pale msimbo mpya unapoingia, inayokataa chochote chenye kitufe kisicho na jina. Ya kwanza kukataliwa ilikuwa bango la bosi la kutangaza ufunguzi. Aliniomba nimpitishie tu mara hii moja. Nikamwambia mashine haina shangazi.

Tulifungua kwa kuchelewa kidogo, na hakuna aliyekufa. Fulana za umuganda nimeziona baadaye zikifutia meza jikoni.

Siku ya kuandikisha duka Hajati alijifunga kilemba kipya. Mwana alikuja, akaketi upande wake wa kulia na mikono magotini, vidole vikiwa vinamwasha. Mafundi cherehani wawili watatu wakasimamisha mashine zao. Hajati akawafukuza, wakasogea kwa adabu na kuendelea kutazama kutoka mlango wa pili. Akaandikisha namba yake. Akaanza kuchagua, na ile sauti ameiweka kasi ya ajabu, sisi wenye macho hatukuambulia neno. Mwana aliinua mkono mara moja kutaka kusaidia. Hajati hakumwona, bila shaka, ila alisema, "Rudisha mkono yako." Akaurudisha. Oda ikaenda. Nilijikuta nimemshika fundi mmoja bega, na sikumjua vizuri.

Robota likafika baada ya siku chache, na mwana alikuwepo kulifungua. Alikata kamba, akavuta kitambaa cha kwanza, akakikunjua juu ya meza.

Kilikuwa rangi ya chungwa lililooza. Juu yake, kotekote, zilichapwa picha za feni. Feni za mezani, kubwa, za kijani, na kila moja na waya wake. Robota zima hilohilo.

"Mama," mwana alisema, tena kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniogopesha. "Unaona sasa." Akamweleza kitambaa. Alimweleza vizuri, mpaka nyaya. Kisha akanigeukia mimi. "Hiyo tovuti yenu imemletea nini?"

Kama kosa ni la tovuti, basi kila alichosema yeye uani kilikuwa kweli, na namba ingebadilishwa siku hiyohiyo. Hajati akageuza uso upande wangu. "Mwanangu," alisema, "sema mbele yake. Ni kitu yenu imekosea, ama ni mimi?"

Nikafungua oda yake kwenye simu, pale pale, nikaipandisha juu mpaka kwenye kitambaa chenyewe, nikaiweka ile sauti kasi ya kawaida wasikie wote. Kitenge, chungwa iliyokolea, picha za feni za kijani. Weka kwenye oda. Ilikuwa imesema kila kitu. Yeye alikuwa ameshagonga oda akapita, kwa ile kasi yake ya kumkomesha Mnairobi.

Ningeweza kumfichia. Ingekuwa rahisi kusema labda mtandao. Nikamwangalia mwanawe, nikamwangalia yeye.

"Ni wewe, Hajati," nikasema. "Ilikuambia. Hukusubiri."

Hajati akanyoosha mkono, akakitafuta kitambaa juu ya meza, akakipapasa mwanzo hadi mwisho bila haraka. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya zambarau, mpaka kilemba kikalegea.

"Ni mimi," alisema. "Umesikia? Ni mimi mwenyewe."

"Mama, hiki hakiuziki."

"Mwaka mzima nimeuza bluu yako," alimwambia mwanawe, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Yalikuwa makosa yako na mimi nilivumilia. Sasa vumilia yangu. Beba hii, weka mbele, pale watu wanaona."

Mwana alisimama kidogo, robota miguuni. Kisha akainama, akalibeba, akaanza kupanga feni za kijani kwenye rafu ya mbele, na vitenge vya bluu akavisogeza nyuma.